Tunaposafisha rejeta ya lori nyumbani, tusafishe na injini, na thamostati tuirudishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye malori madogo ya dizeli, yale ya tani mbili hadi saba ambayo mengi hulala uani kwa mwenyewe na kuhudumiwa papo hapo na mwenyewe, dereva na utingo wake. Kazi ninayotaka kuizungumzia ni kusafisha mfumo wa kupoza injini. Siwalaumu wanaoifanya nyumbani, kwa kuwa ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye spana, ndoo na subira. Ninachokilalamikia ni kwamba wengi wetu tunaifanya nusu, kisha injini inapochemsha mlimani tunaulaumu umri wa gari.

Nusu ninayoisema inajulikana kwa kila aliyewahi kuiona. Koki ya chini ya rejeta hufunguliwa, maji ya rangi ya kutu hutoka, mpira wa bomba huingizwa juu mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe, koki hufungwa, maji ya kisima hujazwa, na gari huambiwa limesafishwa. Ukweli ni kwamba kilichosafishwa hapo ni rejeta peke yake. Sehemu kubwa ya maji machafu imebaki katika njia za maji zinazozunguka silinda, ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini), katika kipoza oili na katika hita ya kabini, na tope zito zaidi hutuama chini ya bloku, yaani mwili wa injini, mahali ambapo mzunguko wa maji ni wa polepole. Injini nyingi za dizeli zina nati yake ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Mara nyingi imezibwa na kutu na rangi kiasi kwamba hata fundi hupita bila kuiona, nayo ndiyo inayotenganisha kusafisha na kusuuza. Ukiifungua na maji yasitoke, usifurahi ukadhani hakuna uchafu: tope limeziba tundu, na inabidi kulichokonoa kwa waya mpaka litoke.

Kabla ya kuanza, hata hivyo, mwenye gari ajiulize kama gari lake linahitaji kusafishwa au kutengenezwa. Injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta na utazame. Ukiona utando wa oili juu ya maji, au uji wa rangi ya maziwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba gasketi ya silinda hedi au kipoza oili kimetoboka, na kusafisha hakutatibu chochote mpaka tatizo hilo litengenezwe. Ukiwasha injini na mapovu yakaendelea kupanda bila kukoma, huku maji yakisukumwa nje, basi gesi ya silinda inaingia katika maji, na hilo pia ni suala la hedi. Nimewaona watu wakinunua dawa ya rejeta chupa baada ya chupa kwa gari lenye gasketi iliyoungua, na fedha hiyo ingetosha kununua gasketi.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo madhara makubwa yanapoanza. Visima vingi vya ukanda wa pwani, Dar es Salaam ikiwamo, vina chumvi, na maji ya maeneo mengi ya Dodoma na Singida ni magumu, yaani yana madini mengi. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ndio huo huo unaoganda ndani ya injini, isipokuwa birika unaweza kulikwangua na injini huwezi. Ukoko huganda zaidi mahali penye joto kali zaidi, katika hedi karibu na vali na nozeli, hivyo huzuia joto kutoka pale hasa linapotakiwa kutoka, na mshale wa joto kwenye dashibodi hauwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa wenyewe hupima joto la maji tu, haupimi joto la chuma. Chumvi nayo hula alumini, ambayo ndiyo rejeta nyingi za kisasa na baadhi ya hedi zimetengenezwa nayo. Maji ya bomba ya mji wenye maji laini yanafaa kwa kusukutua. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchujwa, mara nyingi, ni afadhali kuliko ya kisima. Lakini maji ya kusuuzia mwisho, na yale ya kuchanganya na kulanti (dawa ya majimaji ya kupozea injini na kuzuia kutu), yawe yaliyokenekwa, ambayo hupatikana madukani kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, mradi mnunuzi ahakikishe kwamba hapewi asidi.

Najua kuna wenzangu watakaosema kwamba kulanti ni ya nchi za baridi na kwamba sisi wa joto tunatosheka na maji. Hoja hii imesababisha hasara nyingi, na naomba ipimwe kwa takwimu. Katika usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa nyuzi joto 100. Kifuniko cha rejeta, ambacho juu yake mara nyingi huandikwa kipimo cha presha, 0.9 au 1.1 (takriban bar), hubana mfumo na kuinua kiwango hicho. Presha ya 0.9 hukifikisha karibu nyuzi 119. Kadiri gari linavyopanda nchi za juu, kiwango hushuka, na mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Injini ya dizeli yenye afya hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Maana yake ni kwamba lori lenye maji matupu na kifuniko ambacho lastiki yake imekufa, likiwa limebeba mzigo kutoka Dar es Salaam, likapanda mlima Kitonga na kuendelea hadi Makambako na Mbeya, linazidi kukosa akiba ya joto kila linapozidi kupanda. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na kulanti ya ethilini glikoli huchemka karibu nyuzi 107 hata bila presha yoyote, na kifuniko kizima kikiwepo hufika mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana ninasema kifuniko kipya, ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya takriban spea nyingine yoyote ya mfumo huu, kinunuliwe kila mfumo unaposafishwa.

Tena kuchemka ni sehemu moja tu ya hesabu. Kulanti hubeba viungo vinavyozuia kutu na kutunza sili ya pampu ya maji. Kwa malori makubwa ambayo lina za silinda zake (yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hucheza) zinaguswa na maji moja kwa moja, kama ilivyo kwa injini nyingi za mwendo mrefu, kuna jambo zito zaidi. Kila dizeli inapolipuka ndani ya silinda, ukuta wa lina hutikisika, mtikisiko huo huzaa viputo vidogo vya mvuke upande wa maji, na viputo vinapopasuka hula chuma kidogokidogo mpaka lina inatoboka na maji yanaingia kwenye silinda. Kulanti iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli nzito ina viungo vya kuujengea ukuta huo ngozi ya kuukinga, na maji matupu hayana. Kwa hiyo mwenye lori la aina hii asinunue kulanti ya gari dogo kwa sababu rangi inafanana. Rangi huwekwa na mtengenezaji apendavyo, na haitambulishi aina. Kinachotakiwa ni kusoma kiwango kilichoandikwa kwenye dumu: ASTM D6210 (ASTM ni viwango vya Marekani) ni cha dizeli nzito, ASTM D3306 ni cha magari madogo, na JIS K 2234 ni kiwango cha Japani, nchi ambayo malori yetu mengi madogo yametoka.

Jambo ninalolichukia kuliko yote katika kazi hii ni kutupwa kwa thamostati, ile vali inayojifungua maji yanapopata joto ili yaende kwenye rejeta. Imekuwa desturi katika gereji nyingi kwamba gari likichemsha mara moja, kitu cha kwanza kutolewa ni thamostati, na mwenye gari huambiwa kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho hakihitajiki. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiichomi dizeli yote. Dizeli isiyoungua hushuka ukutani mwa silinda, huosha oili iliyokuwa ikilinda ringi, huingia katika oili ya chini na kuifanya nyepesi. Matumizi ya mafuta hupanda, masizi huongezeka, na injini huchakaa kabla ya wakati wake, tena taratibu kiasi kwamba hakuna anayeikumbuka thamostati iliyotupwa miaka miwili nyuma. La kushangaza zaidi kwa wasiolijua ni kwamba katika injini nyingi za Kijapani thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sahani yake ya chini huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kuiona rejeta. Hivyo gari lililotolewa thamostati ili lisichemshe linaweza kuchemsha zaidi likipewa mzigo na mlima.

Kujua kama thamostati ni nzima hakuhitaji gereji. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka kipimajoto, na upashe moto polepole. Joto la kufunguka huwa limegongwa kwenye chuma chake, na kwa malori yetu mengi ni 76.5 au 82. Ikianza kufunguka karibu na hapo, ikafunguka vizuri na kujifunga tena inapopoa, irudishwe na gasketi mpya. Ikikwama, inunuliwe nyingine ya joto lile lile. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni.

Kuhusu kazi yenyewe, naomba nieleze kwa mpangilio ninaouamini. Gari liegeshwe mahali tambarare, hendibreki ivutwe, magurudumu yawekewe magogo, na injini iachwe ipoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile, maana maji yaliyobanwa kwa presha yakiachiliwa hugeuka mvuke papo hapo na kumuunguza aliyeinama juu yake uso na macho. Ikiwa kabini ina hita, swichi yake iwekwe kwenye moto mkali kabisa ili njia yake ifunguke. Beseni liwekwe chini, koki ya rejeta na nati ya bloku zifunguliwe, na yote yatokayo yakingwe. Chupa ya akiba itolewe na ioshwe, kwa kuwa tope lililobaki humo litarudi kwenye mfumo siku ya kwanza injini itakapopoa na kuvuta.

Baada ya hapo mfumo ujazwe maji safi pamoja na dawa ya kusafishia iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa alumini, injini iwashwe na iachwe iungurume mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, maana joto la mpira huo ndilo linaloonyesha kwamba thamostati imefunguka na maji yanazunguka kila mahali. Muda wa kuungurumisha ufuate maandishi ya dawa. Yeyote aliye karibu na injini inayozunguka asiwe amevaa shuka, kanga wala shati linaloning’inia, kwa sababu feni ya lori huzungushwa na mkanda na haimsubiri mtu. Injini izimwe, iachwe ipoe tena, na maji yamwagwe. Kisha kusuuza kurudiwe kwa maji matupu mpaka yanayotoka kwenye bloku, siyo kwenye rejeta tu, yawe safi. Kwa gari lililokaa miaka na maji ya kisima, kazi hii inaweza kula siku nzima, na anayetafuta kuimaliza kabla ya chai ya saa nne asianze.

Tope likiwa zito, kuna njia ya kusukuma maji kinyume na mzunguko wake wa kawaida. Thamostati hutolewa kwa muda, mipira ya juu na ya chini hufunguliwa, na maji ya bomba huingizwa kwenye rejeta kutokea chini yakatokea juu, kisha kwenye bloku kutokea juu yakatokea chini, ili uchafu usukumwe kurudi ulikotoka. Presha ya bomba la kawaida inatosha. Mashine ya kuoshea magari isitumike hata kidogo, kwa sababu inaweza kupasua mirija ya rejeta. Sabuni ya unga nayo iachwe, maana povu lake halitoki kirahisi, na magadi makali ya kutengenezea sabuni (kostiki soda) yasiguse mfumo wenye alumini, kwa kuwa huila alumini hiyo na kutoa gesi inayowaka.

Mipira itakapokuwa imefunguliwa, ibonyezwe kwa vidole. Uliolegea kama nyama au uliokauka ukapasuka ubadilishwe, na mpira wa chini uangaliwe kama waya wake wa ndani bado upo, kwa kuwa bila waya huo hunyonywa ukajikunja gari linapokwenda kasi na kuzuia maji. Pampu itazamwe kama inavuja kwenye kitundu chake cha chini. Mapezi ya nje ya rejeta yaoshwe kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwani vumbi, wadudu na mbegu za nyasi ziliingia kwa mbele na ndiko zinakopaswa kutokea.

Katika kujaza, wengi hukosea hesabu bila kujua. Baada ya kusuuza, lita kadhaa za maji hubaki katika bloku na hita hata koki zikiwa wazi. Anayejaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu huishia na mchanganyiko mwepesi kuliko anaoufikiria. Njia sahihi ni kujua ujazo wa mfumo mzima kutoka kitabu cha gari, tuseme lita 16, kisha kumimina kwanza lita 8 za kulanti ambayo haijachanganywa, halafu kumalizia kwa maji yaliyokenekwa mpaka ijae. Anayedhani kwamba kulanti tupu bila maji ni bora zaidi anakosea, kwa sababu glikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko ikichanganywa na maji. Kumimina kuwe kwa polepole, skrubu ya kutolea hewa ikiwepo ifunguliwe, na mpira wa juu uminywe minywe ili hewa ipande. Hewa iliyonaswa kwenye hedi ni hatari kwa namna ya pekee: kihisio cha joto kikiwa kwenye hewa badala ya maji, mshale unaweza kuonyesha baridi wakati hedi inaungua. Kwa hiyo kiwango kiangaliwe tena injini ikishapoa, na kiangaliwe kila asubuhi kwa siku chache zinazofuata. Kulanti ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2, na ile ya maisha marefu hudumu hadi 5 au zaidi kwa mujibu wa mtengenezaji. Tarehe iandikwe kwa rangi mahali panapoonekana chini ya kabini, ili hata atakayelinunua gari hilo kesho aijue.

Limebaki suala la maji machafu, ambalo haliwahusu wenye malori pekee. Ethilini glikoli ni sumu inayoshambulia figo, na ina ladha tamu. Mtoto, mbuzi au mbwa akikuta beseni lake uani ataonja na kuendelea kunywa. Beseni lisiachwe bila mtu hata kwa dakika chache, na ikitokea mtoto amekunywa apelekwe hospitali mara moja pamoja na dumu la kulanti, asisubiriwe aonyeshe dalili. Maji hayo yasimwagwe mtaroni, wala karibu na kisima, wala barabarani kwa kisingizio cha kuzuia vumbi. Yatiwe kwenye madumu yenye vifuniko, yaandikwe, na yatunzwe mbali na oili chafu. Tatizo ni kwamba mtu akishayatunza, mara nyingi hana pa kuyapeleka. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kutimiza wajibu wake kungekuwa rahisi zaidi kama halmashauri zetu, hasa za miji iliyo kando ya barabara kuu kama Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako na Singida, zingetenga katika kila stendi ya malori mahali pa kukusanyia kulanti iliyotumika na oili chafu.

Kwa wauzaji na waagizaji nina ombi moja. Dumu la kulanti liandikwe kwa Kiswahili mambo manne: aina ya injini inayofaa, kama imekwisha kuchanganywa au la, idumu kwa muda gani, na kwamba ni sumu. Utingo ndiye anayeimimina mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, naye anastahili kuelewa anachokishika.

Wako,
Mwenye lori,
Iringa.